Mumbere Hajaoa

"Kushoto! Kushoto nimesema. Wewe mwalimu, hiyo ni kasia, si fagio ya darasa."

Aliyekuwa akibweka hivyo ni Afande Musitafa, ameketi nyuma ya mtumbwi wa mpira, filimbi shingoni, mgongo wima utadhani yuko gwarideni. Jeshi alikuwa ameliacha miaka minane iliyopita, ila jeshi lenyewe lilikuwa halijamwacha yeye. Alinunua mitumbwi miwili iliyochoka, akamtafuta fundi wa kuziba matundu, na Jumamosi hiyo ya Julai 2015 alikuwa anawateremsha vijana kumi na wawili wa kwaya ya kanisa moja la Kasese kwenye mto Nyamugasani. Wangeanzia chini ya vilima vya Kyarumba na kumalizia kwenye daraja la barabara ya Bwera. Siku nzima kupiga kasia, kulowa na kucheka.

Mwalimu aliyekuwa anagombezwa ni Vasta. Alifundisha darasa la nne huko Bulembia, na watoto walimpa jina la Mwalimu Kwanini, maana huyu dada alikuwa hawezi kuona kitu kimefungwa bila kuuliza ndani kuna nini. Leo hakuwa na akili ya kasia hata kidogo. Alikuwa anamtazama mwanamume aliyeketi bega kwa bega naye mbele ya mtumbwi.

Huyo ndiye Kambale, fundi mwenyewe aliyeziba ile mitumbwi. Mtu wa Butembo, ng'ambo ya Kongo, lakini miaka mitatu sasa alikuwa Bwera akiziba pancha za malori yanayopanga foleni mpakani. Mrefu, mpole, mikono imejaa alama za gundi. Vasta alimpenda mpaka akawa anajiona mjinga. Karibu miaka miwili walikuwa pamoja, na kwa miaka miwili hiyo kulikuwa na swali moja ambalo Kambale alilikwepa kama mtu anayeruka dimbwi.

Swali lenyewe ni hili. Kwa watu wa milima ile, upande wa Uganda na upande wa Kongo, jina la kuzaliwa halichaguliwi, linafuata foleni. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale. Binti wa kwanza ni Masika. Ukitajiwa jina la mtu, unajua kuna nani mbele yake. Vasta mwenyewe kwao aliitwa Masika, hilo Vasta ni la ubatizo. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, Kambale alipojitambulisha, Vasta aliuliza kwa kucheka tu Mumbere yuko wapi.

Kambale alijibu kwamba yuko mbali, anafanya kazi.

Miaka miwili baadaye Mumbere alikuwa bado yuko mbali, bado anafanya kazi. Hana picha, hana salamu, harusini haji, Krismasi haji. Na kila Jumamosi saa sita mchana Kambale alikuwa hapatikani. Ukipiga, hapokei. Ukimfuata kibandani pake, unaambiwa ameteremka mtoni peke yake.

Jolly, rafiki wa Vasta, msichana mwenye sauti tamu kanisani na ulimi wa wembe nje ya kanisa, alikuwa ameshatoa hukumu. Mwanamume wa Kongo anayepotea Jumamosi saa sita, alisema, ana mke wa Jumamosi saa sita. Na pengine na watoto.

Sasa tuseme kilichokuwa kinamkaba Vasta siku hiyo. Alhamisi, baba yake, Mzee Nasani, mchimbaji mstaafu wa shaba wa Kilembe, alimwita akamketisha. Hakufoka. Alimwuliza tu watu wa huyo kijana watakuja lini kujitambulisha, maana majirani wanahesabu miaka. Vasta, kwa hasira na aibu, akajifunga mwenyewe kwa mdomo wake.

"Jumamosi jioni nitakuletea tarehe, Baba. Nikikosa, jina la Kambale hutalisikia tena humu ndani."

Mzee Nasani aliitikia kwa kichwa. Ahadi ya Masika, binti wa kwanza, ilikuwa haichezewi nyumba ile. Na Jumamosi yenyewe ndiyo hii, jua liko juu, kasia liko mkononi, na tarehe hana.

Asubuhi kabla ya kuingia majini, Afande aliamuru simu zote ziingie kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, zisilowe. Mtunza ndoo akawa Vasta, kwa kuwa mwalimu hawezi kuiba. Kambale alikuwa na simu mbili kama watu wote wa mpakani, moja ya laini ya Uganda na kijisimu cha laini ya Kongo. Ya Uganda aliitoa bila neno. Ile ya Kongo aliishika mpaka Afande akamwuliza kama anasubiri kupandishwa cheo. Vasta akaona, akaliweka hilo moyoni.

Basi waliteremka. Mto ulikuwa na maji kiasi, kiangazi kimeupunguza, mawe yanatokeza migongo. Pale maji yanapochemka Afande alipuliza filimbi, wote wakapiga kasia, mtumbwi ukaruka, soprano wakapiga kelele ambazo kwaya haijawahi kuzisikia. Pale maji yanapotulia waliimba. Wanawake waliokuwa wanafua kando ya mto walisimama na nguo mkononi, wakashangaa watu wazima wanaoteswa na maji kwa hiari yao.

Karibu na saa sita wakafika kwenye kona yenye mchanga, wakavuta mitumbwi nje. Chakula kilikuwa bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki wa chumvi kutoka Katwe. Jolly alikuwa ameshajaza sahani. Vasta aliketi na ndoo yake miguuni, na ndoo ikaanza kutetemeka.

Alifungua mfuniko kidogo tu. Haya, msomaji, usimlaumu, hata wewe ungefungua. Kijisimu cha Kongo kilikuwa kinawaka juu ya zingine zote, na ujumbe uko wazi kwenye kioo:

MUMBERE, NI MAMA. LEO SIKU YAKO NANGOJA. UMEPATA MUKE? KAMBALE ANATESEKA KUNGOJA WEWE.

Alisoma mara ya kwanza kwa haraka. Mara ya pili polepole. Simu ni ya Kambale. Ujumbe ametumiwa Mumbere. Mumbere yuko mbali, na simu yake imo kwenye ndoo?

Kivuli kikamwangukia. Kambale alikuwa amesimama mbele yake, hata chakula hajagusa.

"Nipe ile ya Kongo, Vasta. Dakika tano tu."

Akampa. Hakuuliza, na kama ungemjua Vasta ungejua hiyo ilikuwa hatari. Kambale akapita nyuma ya miamba mikubwa, upande ambao maji yanapiga kelele. Vasta akahesabu mpaka ishirini, akamfuata. Watoto wa darasa la nne alikuwa akiwafundisha kwamba kuuliza si ujinga. Kuhusu kusikiliza nyuma ya jiwe hakuwahi kuwafundisha lolote.

Sauti aliyoisikia haikuwa ya Kambale. Ilikuwa nzito, ya taratibu, inatoka chini ya kifua. Alichungulia ili ahakikishe. Alikuwa ni yeye, Kambale wake, amechuchumaa na simu sikioni, macho ameyafumba.

"Mama, ni mimi, Mumbere. Niko muzima. Kazi iko mingi... Apana, Mama, muke bado sijaona. Kambale nitamuambia avumilie kidogo... Ndiyo. Jumamosi ingine."

Akakata simu. Halafu akainama, akachota maji ya mto kwa viganja, akajipiga usoni mara tatu, akakaa vile vile maji yakimchuruzika. Vasta akarudi kinyumenyume.

Jolly alimpokea na swali mdomoni.

"Ehe. Ana mke?"

"Ana kaka," Vasta akajibu.

"Kaka ndiyo anakufanya uwe rangi hiyo? Bambi, maskini Vasta, kula kwanza, utazimia."

Hakula. Akili ilikuwa inazunguka. Kama Kambale ni Mumbere, basi Kambale ni nani? Tapeli? Ana majina mangapi, na wanawake wangapi kwa kila jina? Au kichwa chake kina kasoro? Aliogopa, lakini kilichomzidi hofu ni ile tabia yake ya siku zote. Alitaka kujua, hata kama kujua kutamvunja.

Walirudi majini. Waliketi walivyokuwa, Vasta na Kambale mbele, Jolly na wanakwaya watatu katikati, Afande nyuma. Walipofika mahali mto umepanuka na maji yanakwenda bila haraka, Vasta akaliweka kasia juu ya magoti.

Mtumbwi ukaanza kuzunguka.

"Mwalimu, piga kasia," Afande akaamuru. "Hapa hakuna likizo."

"Sipigi, Afande. Huyu mtu aniambie kwanza jina lake."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa wapenzi. Kambale hakucheka. Aligeuka akamtazama, na Vasta akaona kwamba ameshaelewa.

"Ulinifuata," Kambale akasema.

"Nilikufuata. Na ujumbe nilisoma, nakuomba radhi kwa hilo peke yake. Sasa niambie. Wewe ni Kambale ama ni Mumbere?"

"Mi ni Kambale."

"Na Mumbere iko wapi?"

Mtumbwi ulikuwa unazunguka taratibu, mara wanatazama milima, mara wanatazama walikotoka. Kambale akaliangalia kasia lake kama vile limeandikwa kitu.

"Iko Bwera," akasema. "Nyuma ya kanisa. Mwezi ya nne, mwaka elfu mbili na kumi na tatu, ndiyo tulimuzika."

Hakuna aliyecheka tena. Jolly, ambaye tangu asubuhi mdomo ulikuwa haujapumzika, akauziba kwa kiganja.

Yaliyofuata Kambale aliyasema bila kupumzika, kama mtu anayetapika. Mumbere alimfuata Bwera wafanye kazi pamoja. Homa ikamshika siku tatu, ya nne akafa. Wakati huohuo mama yao huko Butembo alikuwa kitandani, presha imempanda, hasemi vizuri. Shangazi yao Laurentine, aliyekuwa anamuuguza, alipiga simu akamwonya Kambale kwamba akimwambia leo atazika wawili. Basi akanyamaza. Alisema moyoni ni wiki moja tu. Wiki ilipokwisha mama akapata nguvu, na kitu cha kwanza alichouliza ni mbona Mumbere hapigi simu.

"Nilichukua simu ya kaka," Kambale akasema, "nikaongea kama yeye. Sisi watoto tulikuwa tunachezea hivyo, kuigana sauti. Nilisema ni mara moja tu, Vasta. Yeye akafurahi. Akaomba chakula siku ile. Sasa ningefanya aje? Jumatano napiga mimi, Jumamosi anapiga Mumbere."

"Miaka miwili."

"Miaka mbili na miezi tatu. Na watu wa huku hawajui ile simu. Naenda mtoni, nikae peke yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ukijua, tutakuwa wawili wa kudanganya Mama. Sikutaka akuchukie hata mbele hajakuona."

Akatabasamu kidogo, tabasamu la kusikitisha, akasema Mumbere angekuwepo leo asingeingia kwenye kitu hiki hata kwa viboko. Aliogopa maji tangu utotoni. Hata daraja la Mpondwe, pale mpakani, alipita katikati kabisa ya barabara, mtu mzima, amemshika mdogo wake mkono.

Vasta alitaka kulia, lakini lilikuwa limebaki swali la pili.

"Na mimi? Watu wako hawaji kwetu kwa sababu gani?"

"Nilimuomba Mama baraka. Mwaka jana, mwezi wa nane. Akasema apana. Mudogo haruki mukubwa. Mumbere aoe kwanza, halafu Kambale. Nimemufufua kaka yangu, Vasta. Sasa amekaa kwa mulango, mimi siwezi kupita."

Hata Afande alikuwa amesahau filimbi yake. Alitumbukiza kasia taratibu, akaunyoosha mtumbwi, akawaambia wale wa katikati kwa sauti ya chini ambayo hawakuijua kwamba wapige polepole, bila kelele.

"Nimefikiri njia," Kambale akaendelea. "Jumamosi ingine, Mumbere aseme ameoa. Kimyakimya tu, huko mbali. Halafu Mama atatuachia."

"Ameoa nani?"

"Mutu. Jina tutatafuta."

"Eh. Na Mama akitaka kusalimia mkwe wake, ni nani ataongea? Wewe tena, na sauti ya mwanamke? Na mwaka kesho akiuliza mjukuu? Kambale, hiyo familia itazaa kila mwaka, wote utawalea kwa simu?"

Mmoja wa wanakwaya alishindwa, akacheka kwa pua. Kambale mwenyewe karibu acheke, halafu uso ukamporomoka.

"Mimi nakupenda," Vasta akasema, na hakujali nani anasikia. "Nimekungoja bila kujua nangoja nini. Lakini siwezi kuolewa kwenye foleni nyuma ya marehemu. Baba nimemwahidi tarehe leo jioni. Nikikosa, ni mimi nimesema jina lako liishe kwetu, na nitalimaliza hata kama litaniua. Daraja likionekana, utampigia mama yako. Kwa jina lako."

"Atakufa, Vasta."

"Sijui. Siwezi kukuahidi kwamba hatakufa. Nitakaa karibu na wewe, hiyo ndiyo naweza."

Kambale alichukua kasia lake, na baada ya muda Vasta akachukua la kwake, wakapiga pamoja. Kilomita zilizobaki hakuna aliyeimba. Kila kona Vasta alikuwa anatafuta daraja kwa macho, anataka lifike, na hapohapo anaomba lichelewe. Wazee walisema mficha uchi hazai, lakini wazee hawakusema huo uchi ukifunuliwa mbele ya mama mgonjwa itakuwaje.

Daraja likaonekana saa tisa, malori ya Bwera yanapita juu yake, na moja limeegeshwa kando likiwasubiri kuwarudisha. Walipovuta mitumbwi kwenye matope Afande akasimama, akawatazama vijana wake wote.

"Wote juu kwa lori. Tazama mbele. Mtu akigeuza shingo nitamjua."

Wakapanda kimya, Jolly wa mwisho, akamshika Vasta bega akapita. Afande mwenyewe alibaki, hatua kumi kutoka pale, anatoa upepo kwenye mitumbwi na kujifanya kiziwi.

Kambale aliketi juu ya jiwe. Vasta ndiye aliyebonyeza ile simu ya Kongo, akaweka sauti kubwa, akaishika katikati yao. Iliita muda mrefu. Kinande cha Kongo na Lhukonzo cha Kasese ni watoto wa mama mmoja, kwa hiyo kila neno lililosemwa pale Vasta alilielewa.

"Alo?" Sauti ya mwanamke mzee, kavu lakini imara. "Leo wapiga mara mbili?"

"Mama, ni Kambale."

"Jumatano bado, Kambale."

"Najua, Mama. Nataka kusema juu ya Mumbere." Vasta akamshika goti. "Mama, Mumbere hayuko."

Maji yakapita chini ya daraja.

"Umesema nusu," mama akasema. "Maliza."

"Alikufa, Mama. Miaka mbili na miezi tatu. Ni homa. Nilimuzika hapa Bwera. Aliyekuwa anakuongelesha ni mimi. Nisamehe, Mama. Nisamehe."

Akaanza kulia waziwazi, mwanamume wa futi sita na mikono ya gundi. Vasta alikuwa amekaza macho kwenye simu, anasikiliza kama mama anapumua. Alikuwa anapumua.

"Mulimuvalisha nini?"

Kambale alifuta pua kwa mkono. "Ile shati ya kijani."

"Ya kola kubwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni mimi nilimununulia." Sauti ikakatika, ikarudi. "Ni vizuri. Ni vizuri mulimuvalisha ile."

Walimsikia akilia, kilio kidogo cha mtu mzee, bila kupiga kelele. Hakikuwa kilio cha mtu aliyeshtuka. Vasta akaliona hilo kabla ya Kambale.

"Mama," Kambale akasema. "Ulijua?"

"Mutoto wangu. Mumbere aliogopa maji tangu ananyonya. Kumuosha ilikuwa vita. Sasa huyu Mumbere wa simu, kila Jumamosi anakaa karibu na mto, nasikia maji nyuma yake, na hasemi hata mara moja kama anaogopa? Jumamosi ya tatu nilijua. Nikalia peke yangu, nikanyamaza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilifikiri ni weye hauwezi kuvumilia. Nilisema, Kambale anamutaka mukubwa wake bado. Acha awe naye kidogo, siku moja kwa wiki. Mama wa aina gani atamunyanganya?" Akavuta pumzi. "Lakini siku ulikuja kuniomba baraka ya kuoa, nikasema hii ndiyo nafasi. Nikasema Mumbere kwanza. Mwanaume akitaka muke kweli, atasema kweli. Nilikuwekea jiwe kwa mulango, nione siku gani utalitoa. Hata ujumbe ya leo nilimuambia Laurentine aandike hivyo kusudi. Umekawia, Kambale. Mwaka muzima."

Kambale alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. Miaka miwili alimficha mama, na mama miaka miwili alimficha yeye, kila mmoja akidhani anambeba mwenzake.

"Kuna mutu anapumua karibu na simu," mama akasema. "Ni huyo binti?"

"Ni mimi, Mama. Wasibire," Vasta akamwamkia.

"Ni weye ulimutolea jiwe?"

"Nilimwuliza tu, Mama. Mimi ni mtu wa kuuliza."

"Vizuri. Nyumba yetu haina mutu wa kuuliza, umeona ilivyotufanya. Jina lako ni nani?"

"Vasta."

"Hilo la kanisa. Lako la kuzaliwa."

"Masika."



"Masika," mama akarudia taratibu. "Basi nyumba yangu itakuwa na mukubwa tena."

Akawapa maagizo. Kwanza walie. Mumbere hakuliliwa, na mtu asiyeliliwa hawezi kupisha wengine. Siku tatu wakae kwenye mkeka huko Bwera, na yeye akae kwenye wake huko Butembo. Siku ya nne watume watu kwa baba wa Masika.

Afande alikuwa amemaliza kutoa upepo zamani. Alisimama na mtumbwi umekunjwa begani, akapiga saluti kuelekea ile simu, akapanda barabarani bila kusema kitu.

Vasta alifika Bulembia jua linazama nyuma ya milima. Mzee Nasani alikuwa ameketi mlangoni, kofia gotini. Hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu vyenye matope.

"Tarehe?"

"Wanakuja Jumatano, Baba. Lakini kwanza wana msiba."

"Nani amekufa?"

"Mumbere, kaka yake."

"Lini?"

"Miaka miwili iliyopita."

Mzee akamkazia macho. Vasta akaketi kwenye kizingiti, akamweleza yote, mto, ndoo, jiwe na shati la kijani. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa kofia yake akasimama.

"Mwambie mama yako atafute unga na kuni. Kesho baada ya ibada tunakwenda Bwera."

"Baba, si desturi wao ndio wanaanza kuja kwetu?"

"Kwa mahari wao ndio wanaanza. Kwa msiba anaanza aliye karibu. Yule mama ana mtoto mmoja tu huku, naye atalia na nani?"

Wakaenda. Siku tatu Mzee Nasani alikaa kwenye mkeka kando ya Kambale, na simu imewekwa katikati, sauti kubwa, ili mama wa Butembo awasikie watu wakiimba. Jolly aliongoza nyimbo, na safari hii hakuwa na la kusema juu ya wanaume wa Kongo. Jumatano watu wa Kambale wakaja Bulembia, Afande Musitafa akiwa msemaji wao, na aliomba mchumba kwa amri fupifupi kiasi kwamba shangazi wa Vasta walicheka mpaka wakakubali. Harusi ikapangwa Desemba.

Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, Vasta alikuwa anasahihisha madaftari ya darasa la nne. Simu yake ikatetemeka juu ya meza. Namba ilikuwa ya Kongo.

MASIKA, NI MAMA. LEO SIKU YAKO NANGOJA.

Akaweka kalamu chini, akafunga dirisha ili kelele za watoto zisiingie, akapiga.